Kigong'ota

Ghorofa ya nne, Hurlingham. Kikao cha kumi na tisa.
Nekesa apima kwa utepe, atia alama ya kalamu
kwenye kofia ya kitambaa, upande wa kushoto wa paji.
"Vua hereni, Bi Kerubo. Chuma hakipatani na sumaku."

Halafu kigong'ota: ta-ta-ta-ta, kimya,
ta-ta-ta-ta, kimya.
Jicho lakonyeza bila ruhusa yangu.
Anatafuta nini humo? Mti huu ulishapigwa
na vidonge vya rangi nne, na maombi ya mkesha,
na shangazi aliyesema, "Jikaze, kwani umekosa nini?"
Nilijikaza. Miaka sita nilijikaza
mpaka chai ikawa maji ya moto tu.

Siahidiwi kitu. Nekesa husema,
"Wengine hupona, wengine nusu, wengine bado."
Nampenda kwa hiyo "bado".

Alhamisi, nikitoka, karibu na Yaya,
muuza ndizi alinirudishia chenji pungufu: shilingi kumi.
Nikageuka. Nikazitaka.
Nikazitaka kwa sauti, watu wakatazama,
na mkono ule ulionyooshwa
ulikuwa wangu.