Bega Nyuma ya Kioo

Muuguzi Kerttu alikaa upande wa pili wa kioo,
na kioo kile kilikuwa na kasoro: kilionyesha bega lake.
Kila alipotuma mlio, bega lilishuka kidogo
kama la mtu anayetua ndoo.
Nami nikabonyeza kidude changu.
Miaka tisa nilifaulu mtihani wa masikio
kwa macho.

Rubani ndivyo anavyofunzwa, Sisko: mawinguni
usiuamini mwili, soma mishale.
Sikuona tofauti.

Karatasi ya kweli ingechora mstari
unaokwenda vizuri, vizuri, halafu kwenye hezi elfu nne
unaporomoka kama gari lililokosa daraja.
Shimoni humo ndimo alimotumbukia yule ndege wa misonobari,
mdogo kuliko kidole gumba, utosi wa manjano.
Ulisimama theluji ikiyeyuka, kidole juu: huyo!
Nikatikisa kichwa kukubali.
Sijui nimekubali ndege wangapi.

Kisha herufi zikaanza kuondoka.
S kwanza, f nyuma yake,
kiungwana, bila kuaga.
Ulisema funga, nikaleta unga,
mlango wazi, baridi ya Januari imefika hadi jikoni,
na kopo mkononi mwangu. Siku ile tulicheka.
Jina lako limebaki Iko.
Iko nini? Iko wapi?
Na neno sisi, hebu litamke polepole:
limeliwa, zimesalia i mbili
zinatazamana kama nguzo za geti
lililong'olewa.

Wenzangu wa Rissala ni vivyo hivyo.
Novemba tunakutana kwa kahawa, wazee sita,
kila mmoja anagombea kiti chenye ukuta mgongoni,
kila mmoja ametega sikio lake lenye nafuu,
tunapaza sauti kana kwamba injini bado hazijazimwa.
Jambo lenyewe halitajwi.
Nikkilä alilitaja, mwaka wa themanini na nne,
akapewa meza, na mhuri,
na dirisha la kututazama tukipaa.

Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa.
Uongo. Langu lilisikia.
Daktari alisema waziwazi: vizibo chini ya kofia,
wiki mbili usikaribie uwanja.
Lilisikia dawa. Lilisikia pia
mhuri wa Nikkilä ukigonga karatasi,
tap, tap, siku nzima.

Usiku, nyumba ikitulia,
kuna birika linachemka kichwani mwangu.
Halina moto chini yake. Halina wa kuliepua.

Uliwahi kuniuliza kama najuta.
Nadhani ndivyo ulivyouliza.
Nilikujibu habari za viazi.

Leo Jumamosi, sauna imekolea.
Unachota maji, unayamwagia mawe.
Zamani mawe yalijibu, mfoko mrefu, mwembamba,
sauti niliyoipenda kuliko injini yoyote,
sikuwahi kukwambia.
Sasa naona kata ikiinama,
naona bega lako likishuka kidogo,
na nangoja.

Hakuna kitu.
Halafu joto linapanda ukutani, linageuka darini,
linanishukia
na kuniuma masikio,
yote mawili, sawasawa.