Jezi Namba Tisa

Msimu mimi naupima kwa sabuni.
Mechi kumi na saba, ndoo kumi na saba za unga wa bluu,
kisha jedwali linafungwa kama daftari la mdai,
na wanane waliobaki wanaingia Liguilla,
ligi ndogo, ligi ya kisu.
Sisi tuliingia wa nane.
Wa nane ni mtu aliyezuia mlango kwa kidole cha mguu.

Don Cástulo, mtunza vifaa, alinijia amekunja kofia:
"Eduviges, tukitolewa, kazi imeisha hadi Januari.
Tukipita, wiki nyingine. Tukipita tena, nyingine."
Basi nikajua.
Mji mzima unaombea kombe,
mimi naombea nguo chafu.

Mkondo wa kwanza, nyumbani, bao moja kwa bao moja.
Mvua ilishuka milimani na ubaridi wake wote.
Nikamwaga tope la robo fainali kwenye mfereji,
na tope lile, nakwambia, lina uzito wake:
lina chokaa ya mstari wa goli,
lina damu ya goti la Ubaldo,
lina mate ya Nazario, kipa, anayetemea glavu kabla ya kila kona.
Soksi zake hataki zifuliwe. Tangu Oktoba.
Nimezitundika peke yake, nje, upepo unakokwenda,
na mbwa wa jirani amebadilisha njia.

Mkondo wa pili tulikuwa kwa Leocadia, muuza tamali,
televisheni juu ya friji,
watu kumi na wanne, sufuria moja ya atole.
Hatua hii sare haigawanywi.
Sare ni mali ya aliye juu kwenye jedwali;
wa nane akilingana na wa kwanza, amekwisha.
Hesabu hiyo hata mtoto wa Leocadia anaijua,
ingawa saba mara nane bado inampiga chenga.

Moja kwa moja tena. Dakika ya themanini na tisa.
Krosi inatoka kushoto,
Ubaldo anaruka,
anaruka nusu.
Kitu kinamrudisha chini kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.
Tulipiga ukelele mmoja, sote.
Refa akagusa sikio,
akawasikiliza watu wake wa video,
akasikiliza,
atole ikafura ikamwagikia moto, hakuna aliyegeuka,
akanyoosha mkono: chezeni.

Mtangazaji akasema asiyekubali kushindwa si mshindani.
Leocadia akamzima.

Jumatatu likaja gunia, la mwisho.
Nikaikunjua namba tisa.
Mgongoni, chini ya bega, kitambaa kimevutika,
mishono minne imeachia,
na vidole vinne na gumba
vimekaa pale kwa tope, wazi,
kama sahihi ya mtu asiyejua kuandika.

Kamera zote zile. Nami ninayo hapa, ndani ya beseni.

Nikampigia Don Cástulo. Akanyamaza kidogo.
"Fua tu, Eduviges. Januari wote wanaanza na sifuri."
Nikafua namba mbili. Nikafua namba sita, na kumi,
na zile za akiba ambazo hazikuchafuka, kwa heshima.
Nikafua soksi za Nazario, maji matatu.
Namba tisa ikabaki kwenye kiti, imenipa mgongo.

Maji yakaanza kupoa.
Nikaweka vidole vyangu juu ya vile vya beki.
Vyake virefu zaidi, lakini si sana.
Alishika kwa nguvu, yule. Alishika kama mtu
ambaye naye aliambiwa: tukipita, wiki nyingine.

Nikatunga uzi. Nikashona minne.
Kisha nikamwaga sabuni.