Mgeni kutoka Cheyo

Picha ulizotuma Januari ziliingia moja moja,
mtandao wa hapa Cheyo ukizitoa kwa ubahili.
Daraja la mawe, huko Praha kwako.
Watakatifu wa mawe, kushoto na kulia,
theluji imewakalia mabegani.
Mama akaikuza picha kwa vidole viwili:
"Hawa mbona hawaendi nyumbani?"

Sikuwa na jibu. Nikamsogezea jiko.

Mihayo, sasa ni Julai, zamu yetu ya baridi.
Huku hakianguki cheupe,
ila alfajiri kila pumzi inatoka na moshi wake,
na sokoni wauza asali wanagombana na madumu:
asali imeganda, haitaki kumiminika
mpaka uibembeleze juani hadi saa nne.

Jumapili nikasema, na mimi nitembelee mji wa kale.
Nikavaa koti lako la JKT, mikono ikanimeza.
Stesheni kwanza. Treni ya Kigoma imechelewa.
Abiria wamejifunga mablanketi, wamenyamaza
kama wale wa darajani kwako,
hadi mmoja alipokohoa.

Boma la Mjerumani nimeliona kwa mbali.
Askari alinitazama,
nikajifanya nafunga kamba za kiatu.
Nimevaa ndala, Mihayo.

Kisha bodaboda hadi Kwihara, upepo ukinitoboa masikio.
Mzee Kasubi akafungua mlango wa nakshi
kwa ufunguo aliouviringishia kitambaa.
Ndani ya tembe kuna baridi kuliko nje.
Akanionyesha barua nyuma ya kioo, ramani,
picha za wageni waliokuja wakaondoka.
Nikauliza, na waliowabebea mizigo?
Hakujibu upesi. Akaupapasa ukuta mwekundu:
"Udongo huu, unadhani ulikanyagwa na miguu ya nani?"

Nikaweka kiganja pale. Sijui niliweka kwa muda gani.

Kwenye daftari kuna safu ya *Unatoka wapi*.
Juu yangu Ubelgiji, juu yake Japani.
Nikaandika Cheyo.
Mzee akacheka hadi akashika kiuno.

Nakutumia picha moja tu, ya ukuta.
Hauna sura, hauna bega la kubeba theluji.
Ikuze polepole.
Mama naye anauliza lile swali lake,
na safari hii
hasemi juu ya watakatifu.