Gari la Afande Magesa

Kibanda chetu kilikuwa Mabatini,
kimeegemea jiwe kubwa kuliko madeni ya Luhende,
jiwe linaloweka joto la mchana hadi saa nne usiku
na kuturudishia mgongoni bila kuombwa.
Televisheni ya chogo. Feni moja, shingo haigeuki.
Plesteshini ya zamani, imelazwa kifudifudi
kwa sababu lenzi imechoka, haisomi ikikaa kama wenzake.
Sahani tulizipaka dawa ya meno, tukazifuta kwa kanga,
na mji ukafunguka
ukikatakata pembeni kama mtu mwenye kwikwi.

Mia mbili, dakika kumi na tano.
Mimi, Minza, ndiye niliyeshika saa.

Watoto hawakuwa na subira na mji ule.
Walimshusha dereva kwa kola, wakapanda, wakagonga nguzo,
wakamgonga muuza magazeti, nyota ikawaka juu kulia,
ya pili, ya tatu, helikopta,
"Dada, niongeze dakika mbili, nakufa!"
Nikawaambia kufa hakuna nyongeza.

Kukiwa hakuna mteja nilicheza mwenyewe.
Sikuiba. Nilitembea kwa miguu
hadi ufukweni kwao, nikasimama.
Maji ya bluu, hayana gugu, hakuna dagaa walioanikwa,
hayanuki chochote.
Akapita mama mmoja na mfuko wake. Nikasema mwangaluka,
kwa sauti, peke yangu, kibandani.
Nikamgusa bega kidogo tu.
Akanipiga ngumi.

Afande Magesa alikuja jioni, baada ya zamu,
kofia ndani ya mfuko wa rambo,
viatu mlangoni kama anaingia kwa wakwe.
Alilipa kabla. Hakuna aliyemwambia alipe kabla.
Na niseme kweli: sijaona mwizi kama yule.
Watoto hukimbia. Yeye hakukimbia.
Aliingia kichochoroni, akasimamisha gari nyuma ya mapipa,
akahesabu kwa midomo hadi thelathini.
"Sasa wamechoka," akasema. "Sasa mmoja anawaza chai."
Na nyota zikazimika moja moja
kama karabai za dagaa kukipambazuka.
Gari lenyewe jekundu, milango miwili.
Alilipeleka kupakwa rangi, akalifungia gereji,
akarudi tena kuchungulia kama kweli amelifungia.
Huku nje alikuwa na baiskeli.

Mwezi wa saba mwalimu mkuu akaandika barua.
Madawati matupu, majina kumi na tisa,
na yote niliyajua kwa pedi wanayoipenda.
Likatoka agizo. Likamkuta yeye ndiye yuko zamu.

Alisimama mlangoni, na viatu.
Kofia kichwani. Nyuma yake mgambo wawili
na mtendaji wa kata na daftari.
Watoto wakapita chini ya mikono yake kama maji ya mfereji,
hakumshika hata mmoja.
Akasoma karatasi yote, hadi mhuri.
Akainama kuchomoa waya,
mkono ukabaki kwenye swichi,
na akauliza, taratibu, bila kunitazama:
"Imehifadhiwa?"

Mtendaji alidhani anaulizia nyaraka.

Walibeba vyote. Televisheni ilitaka watu wawili.
Luhende alikwenda kituoni mara nne, mara nne wakamwambia kesho,
sasa anakaanga chipsi Buzuruga.
Lakini kadi ya kumbukumbu, ile nyeusi, ndogo kama sabuni ya gesti,
niliichomoa mtendaji alipokuwa anatafuta kalamu.
Imo kwenye kopo la maziwa, pamoja na vifungo na sindano.
Mji mzima umo humo, watu wake hawajasalimiana,
mvua haijanyesha huko mwaka wa pili huu.

Jana kapita hapa mezani kwangu, kashuka kwenye baiskeli,
kanunua nyanya za mia tano,
na nyanya hali, alishaniambia zinamuunguza kifua.
Akachagua sana. Akarudisha moja, akaichukua tena.
"Bado lipo?"
"Lipo, Afande. Jekundu."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda baiskeli,
na pale kwenye kona, hakuna gari, hakuna mtu,
akanyoosha mkono
kuonyesha kwamba anakata kulia.