Gari la Otomatiki Halisukumwi

Saa kumi na moja alfajiri, Kiloleni,
nageuza ufunguo, gari linanitazama tu.
Taa zinawaka. Redio inasoma matangazo ya vifo.
Honi, nikiibonyeza, inaamsha mbwa wa kwa Msabila.
Ila injini, kimya. Hata ile tik ya kukohoa, hakuna.

Nyuma nimepakia madumu sita ya asali ya Sikonge,
na treni ya Mpanda haimsubiri mjane.

Korona hii ina miaka mingi kuliko Nyamizi,
na Nyamizi yuko kidato cha tatu.
Lugusha aliinunua kwa mafao yake ya reli,
rangi ya maziwa yaliyoingia moshi.

Nafungua boneti. Nyamizi anamulika kwa simu
akipiga miayo, na mwanga nao unapiga miayo.
Vichwa vya betri vimeota ukungu wa kijani,
chumvi chumvi, gumu kama ukoko.
Nachukua maji ya chai, magadi kijiko,
namimina: povu linapanda kwa hasira,
linashuka na uchafu wake mchangani.
Spana namba kumi. Hasi kwanza kutoka, hasi mwisho kurudi;
hilo nalijua, nililisikia mara mia nikichambua mchele.
Nageuza. Taa kali kuliko jana.
Injini, kimya vilevile.

Msabila anatoka, shuka begani:
"Mwangaluka, shemeji. Tusukume."
Nyuma yake vijana wanne wa bodaboda
wamekwisha kukunja mikono ya mashati.
Nawaambia gari hili halina klachi.
Mkilisukuma mpaka Igalula
mtafika mmechoka, nalo litafika limelala.
Wanacheka. Mmoja, Kapela, anasema basi ni stata,
anaingia chini na nyundo, anagonga, anagonga,
kama anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

Naketi. Mguu kwenye breki, mkono juu ya gia,
na mkono unakumbuka kabla yangu.

Lugusha hakuwahi kuliwasha likiwa P.
Miaka tisa niliketi kushoto kwake
nikimwona akishusha gia, P, R, mpaka N,
anaitikisa kidogo, ndipo anageuza.
Nilidhani ni mikogo, kama alivyoipindisha kofia.
Niliwahi hata kumcheka mbele ya wageni.
"Nalikumbusha," alisema, asielezee zaidi.
Mwanamume wa kutengeneza kimyakimya,
na kuugua vivyo hivyo.

Mimi tangu Machi naliwasha kwenye P.
Lilikuwa linanivumilia.

"Kapela, toka huko chini."
Anatoka, anajipangusa mchanga kiunoni.
P. R. N. Natikisa.
Nageuza.

Injini inakohoa, inatema moshi wa buluu
juu ya suruali safi ya Msabila, inashika.

Kumbe kuna swichi ndogo mahali fulani pale gia inapoishia,
imechakaa. Ukiweka P haiamini
kwamba gari limeegeshwa kweli,
na lisiloamini halikubali kuwaka.
Nitaibadilisha mwezi ujao, au ule mwingine,
fundi wa Gongoni akipata iliyotumika
kwa bei ya dumu moja, si mawili.

Msabila anauliza nimefanya nini.
Nasema, nimesafisha betri.

Kisha nararua kipande cha plasta,
naazima kalamu ya Nyamizi,
nabandika pembeni ya spidimita: N KWANZA.
Anasoma. Anauliza ndiyo nini hiyo, mama.
Namwambia afunge mkanda,
ashike dumu la tatu, kizibo chake kinavuja.