Risasi Isiyopigwa

Mlima huu haukuumbwa, ulimwagwa:
miaka sitini ya makapi ya mgodi,
kijivu, hata kware hakanyagi.
Risasi ya hapa haikutoka bundukini
lakini iliua kuku wa Veturia,
ikaingia damuni mwa mwanawe taratibu
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.

Kampuni ilipoondoka iliacha kufuli na bango.

Veturia alipanda misonobari arobaini. Ikafa.
Akapanda tena. Ikafa.
Mwaka wa tatu akaingia msituni na ndoo,
akachota udongo chini ya msonobari mkongwe,
udongo wenye nyuzi nyeupe
nyembamba kuliko unywele wa kichanga.
Konzi moja kila shimo, kisha mche.

“Unaizika au unaipanda?” jirani Iosif aliuliza.
“Naiozesha.”

Mahari: sukari kidogo ya majani.
Kuvu naye akaleta maji,
na ile risasi akaishika mwenyewe
gizani, nyingi yake,
isipande shinani.

Kumi na mmoja imesimama. Inanifika gotini.
Juzi, baada ya mvua za Septemba,
uyoga ulichomoza, kahawia, kofia imelowa.
Nikainama niuchume.
“Acha,” alisema Veturia, “huyo yuko kazini,”
akaufunika kwa ndoo:
wingu lilikuwa na mawe.