Suruali ya Lukanga

Nyani wa bonde la Kitangari
wanamjua mwanamke.
Nikipiga debe wananitazama
kama wajumbe wanavyomtazama mgeni aliyekosea kikao,
kisha wanaendelea kumenya mahindi yangu.
Akitokea mwanamume, hata mlevi, hata mikono mitupu,
bonde zima linatimka.

Basi nikavaa suruali ya mume wangu Lukanga
na kofia yake ya ukindu,
nikatembea kwa mabega.
Siku ya kwanza walikimbia. Ya pili, walikimbia nusu.
Siku ya tatu yule jike mwenye sikio lililochanika
akaketi juu ya kichuguu,
akanikagua toka kofia hadi nyayo,
akapiga mwayo.
Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Mama mkwe ilimchukua miaka kunijua hivyo.

Shazili amerudi na daftari la historia, kidato cha kwanza.
Amechora watu watano kwenye mstari:
wa kwanza ameinama, wa mwisho amenyooka na mkuki.
"Mama, hatukutoka kwa hawa nyani.
Ni binamu. Babu yetu mmoja, zamani mno,
kabla ya jina la mtu yeyote."
Nikamwuliza, nani aligawa urithi?
Maana mmoja kapata mkia na bonde,
mwingine jembe na deni la pembejeo.
Nikautazama tena ule mchoro.
Mimi, msimu wa palizi, nasimama na yule wa pili.

Husemwa nyani haoni kundule.
Nimekaa nao miezi mitatu;
langu nalo sijaliona.

Wana mlinzi juu ya mti.
Wana mdogo anayenyang'anywa, na mkubwa anayenyang'anya
kisha anakunwa mgongo kwa heshima.
Nikakumbuka mizani ya ghalani, mwezi wa kumi na moja:
gunia langu la korosho lilipanda zito, likashuka jepesi,
na karani akanipa risiti.
Nyani hajawahi kunipa risiti.
Nikadhani hapo ndipo tulipoachana njia.

Wiki iliyopita, sikio-lililochanika alikuja na mtoto kifuani,
amekufa.
Siku ya kwanza alimfukuzia inzi.
Siku ya nne alimburura kwa mkono mmoja,
na akipanda mti alimshika kwa meno,
taratibu, ngozi tu.
Wenzake walimpisha kwenye mahindi.
Debe lilikuwa mkononi mwangu. Sikulipiga.

Mwanahawa wangu alizikwa siku ileile, kabla ya alasiri.
Watu walikuja na unga, na kuni, na masufuria ya kuazima,
wengine sikuwajua hata majina.
Wakanyoosha mikono, nami nikaachia,
kwa kuwa palikuwa na pa kumweka.
Sijui kama hiyo ndiyo akili
ambayo Shazili anasema iliongezeka.
Yule hana jembe. Hana wa kumwambia,
leta, umebeba vya kutosha.

Jioni wifi yangu Somoe ananisuka.
Vidole vyake vinapita kichwani polepole,
anabana kitu kwa kucha, anakileta karibu na jicho.
"Ndevu za hindi tu," anasema,
na anaendelea kutafuta.

Suruali ya Lukanga nimeifua, imeanikwa.
Kesho nitashuka na gauni langu.
Wananijua.